Mwanamke Baada ya Miaka 49

Mwaka 2022 wahojaji wa KDHS, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, walibisha hodi Kenya nzima kuuliza habari za uzazi, chanjo, lishe na mengineyo. Wanawake waliohojiwa walikuwa wa miaka 15 hadi 49. Wanaume waliendelea kuulizwa hadi miaka 54. Hapakuwa na nia mbaya. Utafiti wa namna hii umejengwa juu ya hesabu za uzazi, na mwanamke aliyemaliza kuzaa hana tena la kuchangia katika hesabu hizo. Lakini matokeo yake ni kwamba mama wa Kongowea, Mombasa, anayetimiza miaka 50 hufutwa daftarini wakati uleule mwili wake unapoanza kumzulia mambo ambayo hajawahi kusikia mtu akiyaeleza.

Hedhi imekoma, miaka miwili mitatu imepita, joto la ghafla limeanza kupungua, kisha uke unaanza kuwasha na kuchoma. Tendo la ndoa linauma, pengine linaacha doa la damu. Mkojo unambana kila mara, na usiku unamwamsha. Anadhani ni fangasi, ananunua dawa ya fangasi. Anadhani ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ananunua antibiotiki. Nafuu haiji, au huja wiki moja kisha mambo yanarudi palepale. Mwishowe anaamua kuwa ndio uzee, ananyamaza, na katika nyumba nyingi ananyamaza huku amehamia chumba cha watoto.

Hali hii madaktari wameiita kwa miaka mingi kusinyaa kwa uke. Mwaka 2014 vyama viwili vya kitaalamu, kimojawapo kikiwa kile cha Marekani Kaskazini kinachoshughulikia kukoma hedhi, viliipa jina pana zaidi linalotaja uke na njia ya mkojo kwa pamoja, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba viungo hivyo huugua pamoja. Makadirio ya idadi ya wanaoipata hutofautiana sana, ila wengi hukubaliana kuwa ni karibu nusu ya wanawake waliokoma hedhi. Tena haifanani na joto la ghafla, ambalo kwa wengi hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Ukavu huu wa uke hauondoki wenyewe. Ukiachwa, huzidi.

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 216,577 katika kaunti ndogo ya Nyali, kati ya 1,208,333 wa Mombasa yote. Ndani ya idadi hiyo mna maelfu ya wanawake waliokwisha kuvuka umri wa hedhi, na wanaishi katika Nyali mbili. Moja ni ya upande wa bahari, yenye nyumba za bustani, hospitali za binafsi na wanajinakolojia wa kulipia. Nyingine ni ya Kongowea, Ziwa la Ng'ombe, Frere Town na mitaa ya VOK, ambako daktari wa kwanza wa kila mtu ni muuzaji wa duka la dawa. Homoni hazijui tofauti hiyo. Kinachotofautiana ni tiba, na hata hapo, kama itakavyoonekana, pesa nyingi si lazima zimnunulie mtu tiba iliyo bora.

Kiini cha jambo ni estrojeni, homoni ambayo ovari huitoa kwa wingi tangu balehe hadi hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Kazi yake haiishii kwenye mimba. Ndiyo inayoufanya utando wa uke uwe mnene, wenye mikunjo, wenye damu ya kutosha na unyevu. Seli za utando huo huhifadhi aina ya wanga iitwayo glikojeni, na bakteria wema wa kundi la laktobasili hujipatia chakula humo na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo askari wa mlangoni: katika umri wa kuzaa, pH ya uke hukaa kati ya 3.5 na 4.5, kiwango ambacho vijidudu vingi vya maradhi havikipendi. Estrojeni ikipungua, mnyororo mzima hukatika. Utando huwa mwembamba, mikunjo hulainika, glikojeni hupungua, laktobasili huondoka, na pH hupanda kupita 5. Vijidudu vya utumbo mkubwa, ambavyo haviko mbali, hupata njia.

Mrija wa mkojo na sehemu ya chini ya kibofu navyo vina vipokezi vya estrojeni. Ndiyo maana mwanamke huyuhuyu hukojoa mara kwa mara, huhisi mkojo unamharakisha, huchomwa anapokojoa, na hupata maambukizi ya mkojo yanayorudirudi. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Dalili za kuchoma na kubanwa zinaweza kutoka kwenye ukavu peke yake bila bakteria wowote, lakini dukani jibu huwa moja. Kwa sheria ya Kenya antibiotiki huhitaji karatasi ya daktari, ila kila mtu anajua namna zinavyouzwa. Mama humeza dawa ya siku tano, kisha nyingine, kisha ya sindano, bila mkojo wake kuoteshwa maabara hata mara moja. Kila dozi huua pia laktobasili wachache waliosalia, na huwafunza usugu bakteria watakaokuja baadaye.

Na hata pale ambapo maambukizi ni ya kweli, dawa ya kuyazuia si lazima iwe antibiotiki. Mwaka 1993 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa Raz na Stamm, uliowafuata wanawake 93 waliokoma hedhi na kusumbuliwa na UTI za kurudiarudia. Waliotumia krimu ya estrioli ukeni walipata maambukizi kwa wastani wa mara 0.5 kwa mwaka. Waliopewa krimu isiyo na dawa walipata mara 5.9. Ni vigumu kutaja krimu nyingine ya bei ya kawaida iliyowahi kuleta tofauti ya namna hiyo, na bado, miaka zaidi ya 30 baadaye, mama mwenye UTI ya nne mwaka huu ana nafasi ndogo mno ya kuulizwa kama hedhi yake imekoma.

Ukavu hauwapati wakongwe tu, wala si wote wanaoupata waliofika umri. Mama anayenyonyesha huwa na estrojeni ya chini kwa miezi, na wengi wao hushangazwa na maumivu ya ukavu wakidhani ni mshono wa kujifungua. Baadhi ya wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hulalamikia jambo lilelile. Aliyeondolewa ovari zote mbili huingia katika kukoma hedhi siku ya upasuaji, awe na miaka 35 au 45, na dalili zake huwa kali kwa sababu mwili haukupewa muda wa kuzoea. Tibakemia inaweza kuzima ovari. Dawa za saratani ya matiti zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni hukausha uke kuliko hata umri wenyewe.

Kisha kuna wanawake wa saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya GLOBOCAN, hifadhidata ya saratani duniani, Wakenya 5,236 waligunduliwa kuwa nayo na 3,211 walifariki. Wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, na tiba yao kubwa huwa mionzi ya nyonga. Mionzi inayoua uvimbe huikausha pia ovari, na huacha makovu yanayoweza kuufanya uke kuwa mfupi na mwembamba kiasi cha kushindikana hata kupimwa. Kuna vifaa laini vya kutanulia uke, vya ukubwa unaopanda hatua kwa hatua, ambavyo mgonjwa hufundishwa kuvitumia nyumbani baada ya mionzi ili njia isizibe. Kituo cha saratani kipo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Coast General, ng'ambo ya pili ya Daraja la Nyali. Somo hilo la dakika kumi linastahili kutolewa kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani, maana makovu yakishakomaa, maneno hayayalegezi.

Na tusiwasahau waliokeketwa. KDHS hiyohiyo ya 2022 iliwakuta asilimia 15 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa wamekeketwa. Kwa wale walioshonwa, kama ilivyokuwa desturi katika baadhi ya jamii za kaskazini-mashariki ambazo zina watu wengi Mombasa, ukavu wa uzeeni huja juu ya kovu la utotoni. Sheria ya 2011 iliharamisha ukeketaji, lakini waliofanyiwa kabla yake ndio sasa wanaofika umri wa kukoma hedhi, na daktari anayewapima bila kulijua hilo anaweza kuwaumiza vibaya.

Kati ya mwili na hospitali kuna soko, na soko halijawahi kunyamaza. Mombasa ni mji wa manukato na usafi. Mwanamke wa pwani amelelewa kujifukiza udi na kujipaka liwa, na hakuna ubaya wowote katika hayo yakibaki nje ya mwili. Shida huanza pale usafi unapoingia ndani. Ukavu huleta harufu tofauti na uchafu wa rangi tofauti, kwa sababu pH imebadilika, na jibu la haraka huwa sabuni, dawa ya kuua vijidudu, maji ya ndimu, au shabu, lile jiwe linalosifiwa kwa kukaza. Shabu hukaza kwa kukausha na kuunguza utando. Kwa mwanamke ambaye utando wake umeshakuwa mwembamba, hiyo ni kuongeza kiu kwa mwenye kiu.

Ushahidi wa madhara ya kuosha ndani haukutoka mbali. Ulitoka Mombasa. Kwa miaka 10 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono waliokuwa wakihudhuria kliniki ya Ganjoni, na mwaka 2006 walichapisha matokeo katika jarida la AIDS: waliokuwa wakijiosha ndani ya uke walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU kuliko wasiojiosha, na hatari ilipanda zaidi kwa waliotumia sabuni. Hao walikuwa wanawake wa umri wa kuzaa, wenye utando imara. Hapana sababu ya kudhani kwamba mwenye utando uliosinyaa, unaochanika kwa kuguswa, atakuwa salama zaidi. Ni jambo la kukumbuka katika mji ambako mjane wa miaka 55 anaweza kuolewa upya bila yeyote kati ya wawili hao kupimwa. Hofu ya mimba imeondoka, na kondomu imeondoka nayo.

Hata mafuta ya mgando, kimbilio la kila kabati la bafuni, yana doa lake. Utafiti uliochapishwa 2013 nchini Marekani uliona kuwa wanawake waliokuwa wakiyatumia ukeni walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata maambukizi ya bakteria ukeni. Mafuta ya nazi, ambayo pwani hayakosekani jikoni, wengi huyavumilia vizuri, ila mafuta yoyote yale hula mpira wa kondomu.

Basi tiba inayofaa ni ipi? Huanza na kupimwa, na kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Maswali machache, kuangalia kwa macho utando uliopauka na kukosa mikunjo, na kipande cha karatasi ya kupimia pH vinatosha kwa wengi. Kazi kubwa ya daktari ni kuhakikisha kuwa si kitu kingine: fangasi ya mwenye sukari, maambukizi ya zinaa, ugonjwa wa ngozi unaoacha mabaka meupe kwenye mashavu ya uke, au saratani.

Ngazi ya kwanza haina homoni. Kuna vilainishi, vinavyopakwa wakati wa tendo, na kuna viongeza unyevu, vinavyowekwa ukeni kila baada ya siku mbili tatu, tendo liwepo lisiwepo. Watu huchanganya hivi viwili, wanapaka kilainishi usiku mmoja na kulalamika kuwa kesho kuko kulekule. Kilainishi cha maji ndicho kinachofaa kwa kondomu na kinapatikana katika maduka mengi ya dawa, ingawa si vyote viko sawa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo: kilainishi kisiwe kizito mno kwa gliserini na viambato vya namna hiyo, kwa kuwa uzito huo huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuziacha zimenyauka, na pH yake ikaribie 4.5. Chenye ladha ya stroberi na hisia ya joto ni cha vijana wenye utando wa kuchezea.

Tusizidharau hatua hizi. Mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililowashirikisha wanawake 302 Marekani yalionyesha kuwa baada ya wiki 12, kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni hakikushinda kwa kiasi cha maana jeli ya kuongeza unyevu, wala dawa bandia, katika kupunguza dalili iliyomsumbua zaidi kila mmoja. Makundi yote yalipata nafuu. Wapo waliosoma hayo na kusema homoni haina kazi. Usomaji wa busara zaidi ni kwamba jeli ya kawaida, ikitumika kwa utaratibu, ni tiba halisi, na mwanamke asiye na uwezo wa zaidi ya hapo hajaachwa mikono mitupu.

Pale isipotosha, au njia ya mkojo inapohusika, ngazi ya pili ni estrojeni ya mahali pale: krimu, au vidonge vidogo vya kuweka ukeni. Hutumika kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Nafuu huanza baada ya wiki chache na hukamilika taratibu, pengine miezi mitatu, na ukiacha, ukavu hurudi. Wengi hukatia tamaa kwenye wiki ya pili kwa sababu hakuna aliyewaambia hayo. Kipimo ni kidogo kiasi kwamba kiwango cha homoni katika damu kwa kawaida hubaki kilekile cha mwanamke aliyekoma hedhi, na hivyo hahitaji kuongezewa projestini ya kulinda mfuko wa uzazi kama anavyohitaji anayemeza estrojeni.

Hofu, hata hivyo, ina historia. Julai 2002 jaribio kubwa la Marekani, Women's Health Initiative, lilisimamisha sehemu yake iliyohusu wanawake 16,608 waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na projestini au dawa bandia, baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Habari hiyo ilizunguka dunia, na onyo kali likabandikwa kwenye kila bidhaa yenye estrojeni, pamoja na krimu za ukeni ambazo hazikuwa hata zimejaribiwa katika utafiti huo. Wanasayansi wa mradi huohuo baadaye walichunguza wanawake waliotumia estrojeni ya ukeni, na katika ripoti iliyotoka 2018 hawakuona ongezeko la saratani ya matiti, ya mfuko wa uzazi, wala la maradhi ya moyo. Ilichukua hadi Novemba 2025 kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kutangaza kuwa maonyo hayo yataondolewa. Kwa zaidi ya miaka 20 mama aliyefungua paketi alisoma karatasi ya kutisha iliyoandikwa kwa ajili ya dawa nyingine.

Bado kuna kundi moja la kuangaliwa kwa makini, nalo ni waliougua saratani ya matiti. Kwao huanzwa na visivyo na homoni, na estrojeni ya ukeni hujadiliwa na daktari wa saratani anayewatibu. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa wanaomeza zile dawa zinazozuia utengenezaji wa estrojeni: utafiti wa Denmark uliochapishwa 2022 uliona ongezeko la kurudi kwa saratani kwa waliochanganya hizo mbili, ingawa haukuona ongezeko la vifo.

Kisha kuna mashine. Katika miji mikubwa ya dunia, kliniki za urembo huuza mionzi ya leza ya kurudishia ujana wa uke, kwa bei ya kutosha kununulia krimu ya miaka. Julai 2018 FDA ilitoa onyo kwamba usalama na manufaa ya mashine hizo kwa matumizi hayo hayajathibitishwa, huku kukiwa na taarifa za kuungua na makovu. Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Australia ambamo nusu ya wanawake walipigwa leza ya kweli na nusu ya kuigiza. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti. Hapa ndipo mkazi wa Nyali ya bahari anapoweza kudanganywa kwa gharama kuliko jirani yake wa Ziwa la Ng'ombe, aliyeishia kwenye jeli ya dukani.

Jambo moja halingoji ngazi yoyote, nalo ni damu. Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata doa, hata kama imetoka baada ya tendo, ichunguzwe. Mara nyingi chanzo huwa ni utando uliosinyaa. Lakini takriban mwanamke mmoja katika kila 10 wanaotokwa na damu ya namna hiyo hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi, na hiyo ni saratani inayotibika vizuri ikiwahiwa.

Ukavu huwafukuza wanawake pia kwenye kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Kile chombo cha kufungulia uke humuumiza aliyekauka, naye harudi tena. Zaidi ya hapo, kipimo cha siki, kinachotumika sana katika vituo vya umma, hakifai kwa aliyekoma hedhi, kwa kuwa sehemu inayopaswa kuonekana imepanda ndani ya mlango wa kizazi. Kinachofaa ni kipimo cha virusi vya HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Ikilazimu kutumia chombo, wiki mbili tatu za krimu kabla ya siku ya kipimo hupunguza maumivu sana.

Hayo yote ni ya kitabibu. Nyumbani kuna mengine. Bibi harusi wa pwani alikuwa na somo au kungwi wa kumweleza mambo ya unyumba kwa undani ambao daktari angeuonea haya. Hakuna kungwi wa mwanamke wa miaka 52. Aliyefundishwa kwa ngoma namna ya kuingia katika ndoa hakufundishwa namna ya kubaki ndani yake mwili unapobadilika, na mume hakufundishwa lolote kabisa. Yeye, mambo yake yakilegea, amepata vidonge tangu 1998, na leo vinauzwa kila duka la dawa. Krimu ya mkewe ni kongwe kuliko vidonge hivyo, lakini jina lake hajulishwi mtu. Mume aliyejitibu akarudi kwa mke asiyetibiwa ni mwanzo wa ugomvi ambao kikao cha wazee hakitaumaliza, kwa sababu mwenye maumivu hatayataja mbele ya wazee. Wengine wameongezewa wake wenza juu ya jambo lililohitaji krimu.

Ibada nayo inaguswa. Mama anayevuja mkojo hutilia shaka udhu wake na kuacha msikiti, ilhali fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ina nafasi kwa mwenye udhuru huo: hutawadha baada ya wakati wa swala ya faradhi kuingia, akaswali. Istinja, yaani kujisafisha baada ya haja, nayo ni ya sehemu ya nje. Haikumtaka mtu aingize maji na sabuni ndani. Na kwa kuwa wanazuoni wa madhehebu hayo huhesabu kuingiza kitu ukeni mchana wa Ramadhani kuwa kunabatilisha funga, inapunguza wasiwasi kujua kwamba dawa hizi, tangu mwanzo, ni za kuwekwa usiku.

Mfumo wa afya wa Kenya umebadilika sana miaka ya karibuni, ila mwelekeo wake ni uleule. Juni 2013 serikali ilifuta ada ya kujifungua katika vituo vya umma. Septemba 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, wanaopita majumbani. Oktoba 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF. Zahanati ya mtaa bado imepangwa kwa ratiba ya mwanamke anayezaa: kliniki ya wajawazito, chanjo ya mtoto, uzazi wa mpango. Baada ya hapo mlango unaofuata ni wa presha na sukari, na anayeingia huko hupimwa mkono na kidole.

Mhamasishaji anayempima presha mama wa Frere Town tayari amekaa naye sebuleni, na mara nyingi ni mwanamke wa umri wake. Maswali mawili yangemtosha: hedhi ilikoma lini, na je, unaumia unapokojoa au unapokutana na mumeo? Hayahitaji mashine wala bajeti mpya. Yanahitaji kuandikwa katika fomu anayoijaza. Uingereza imepita njia nyingine: tangu Septemba 2022 kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni huuzwa huko bila karatasi ya daktari kwa mwanamke wa miaka 50 na zaidi ambaye hajaona hedhi kwa angalau mwaka mmoja, baada ya mfamasia kumuuliza maswali kadhaa, la damu likiwa mojawapo. Hapa Kongowea, ambako antibiotiki zinauzwa bila swali lolote, mfamasia anayeuliza umri wa mteja kabla ya kumpa dozi ya tatu ya UTI mwaka huu angeokoa zaidi ya pesa zake, hata kama krimu yenyewe angemwelekeza akaiandikiwe na daktari.